Jiwe Lisilotiwa Mfukoni

Sepetu ilimpata Sajini Normunds usoni kabla hajamaliza kutamka "polisi." Pua ilivunjika. Hata Mkaguzi Dzidra Vītola, aliyekuwa bado anahangaika na mlango wa gari, aliusikia mfupa ukilia. Normunds alikaa kitako kwenye theluji, damu ikimtiririka hadi kwenye kola, na yule bwana aliyempiga akainua sepetu mara ya pili.

Bwana mwenyewe aliitwa Raitis. Pwani nzima ya Liepāja ilimjua: alichimba vinamasi na makaburi ya kale bila ruhusa ya mtu, akauza alichokipata kwa wageni. Sasa alisimama nusu ndani ya banda lake, nusu nje, mkono mmoja ameegemeza kwenye mwimo wa mlango.

Dzidra hakupiga kelele wala hakutoa bastola. Alikuwa mama mnene wa makamo mwenye magoti mabovu, na mbio hakuziweza tena. Aliufikia mlango wa banda akauegemea kwa bega, kwa uzito wake wote, mkono wa Raitis ukabanwa kwenye mwimo.

Raitis alipiga yowe la kuamsha wafu. Sepetu ikamdondoka.

"Haya," alisema Dzidra, bado ameegemea. "Tuongee. Ukinitukana naongeza uzito."

"Mkono wangu! Umenivunja mkono, we mama!"

"Na wewe umemvunja pua mtoto wa watu. Ulisema pale baa kwamba utamchoma Profesa Melderis. Watu wakasikia. Wiki haijaisha, Profesa kaungua akiwa hai. Nieleze."

Hakukuwa na mtu asiyejua habari hiyo. Profesa Arvīds Melderis, mtu aliyetumia maisha yake yote kuchunguza jinsi watu wa kale walivyokata, walivyotoboa na kung'arisha shanga za kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe, alikuwa ameketi ndani ya gari lake kwenye maegesho ya ufukweni, amewasha joto, mara kifua kikashika moto. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walimvuta nje na kumfukia kwa mchanga mbichi. Alifia njiani kwenda hospitali. Watu wakatikisa vichwa: fosforasi. Bahari ile hutupa kaharabu, na hutupa pia masalia ya mabomu ya vita vya zamani, na vitu hivyo viwili hufanana mno, vya njano vyote, vyepesi vyote. Ukiokota kimojawapo kimelowa ukakitia mfukoni, kama ni kaharabu una bahati yako. Kama ni kile kingine, kikikauka na kupata joto la mwili kinakuchoma mpaka kwenye mfupa, na ukikimwagia maji kinawaka tena kikikauka. Ndiyo maana watoto wa huko hufundishwa mapema: jiwe la ufukweni linatiwa chupani, halitiwi mfukoni. Jalada lingekwisha kufungwa kama ajali, isingekuwa mdomo wa Raitis.

Dzidra alilegeza mlango. Raitis aliuvuta mkono, akaukumbatia, akalia machozi ya hasira. Kisha akafungua mkanda na kuteremsha suruali, pale pale kwenye baridi.

"Afande, anavua," alisema Normunds kwa sauti ya puani.

"Naona. Sijafa bado."

Paja la Raitis lilikuwa na shimo. Nyama ilikuwa imeliwa, ngozi ikajikunja juu yake, nyeupe na inayong'aa.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Niliokota jiwe, nikatia mfukoni. Unajua nani alinizima? Mzee Arvīds. Alinifukia mchanga mpaka kiunoni, na alipomaliza akanizaba kofi la haja. 'Chupa, mpumbavu wewe! Chupa!' Mpaka leo nikiona chupa sikio linauma."

"Na bado ukasema utamchoma."

"Nilikuwa nimelewa! Kanipeleka mahakamani mara mbili, ulitaka nimwimbie? Lakini nyie polisi mna akili kweli? Mnasema aliokota jiwe akalitia mfukoni. Mzee yule? Chupa yake ilikuwa wapi?"

Dzidra alikumbuka. Chupa ilikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari, imefunikwa vizuri, ina maji na mawe ya asubuhi ile. Aliiona kwa macho yake na hakujiuliza swali lolote. Alijichukia kidogo.

"Ilikuwepo," alisema.

"Basi! Ana chupa ubavuni, halafu atie jiwe mfukoni. Jiwe gani hilo, ambalo mzee yule angeliamini?"

Dzidra alimfunga pingu kwa ajili ya pua ya Normunds, akamkabidhi kwa askari wa zamu, na swali lile akaondoka nalo.

*

Kwenye chumba cha maiti cha hospitali, daktari alimletea bakuli. Maiti yenyewe haikuwepo. Profesa alikuwa anazikwa saa ile ile, na kengele ya kanisa ilisikika hadi huko.

"Hiki nilikitoa katikati ya mbavu," alisema daktari. "Mchanga mbichi ulikizima kabla hakijaisha. Usikitoe kwenye maji, tafadhali, nilipaka chumba rangi juzi tu."

Chini ya maji kulikuwa na kibonge cha njano, kikubwa kidogo kuliko punje ya haragwe, upande mmoja umeliwa na moto. Dzidra aliinama na tochi. Aliinama zaidi, mpaka pua ikakaribia maji.

Kibonge kilikuwa na tundu.

Halikuwa ufa wala mchubuko. Lilikuwa tundu lililokusudiwa, limekatwa nusu na moto kiasi kwamba aliliona lote kwa ubavu: pana mdomoni, jembamba ndani, tena limelala mshazari. Sehemu ya tundu la pili ilitokea upande mwingine kukutana nalo chini kwa chini.

Profesa ndiye aliyemfundisha kusoma matundu, wakati wa kesi moja ya wizi. Chuma, alimwambia, hutoboa tundu lililonyooka kama mrija. Watu wa kale hawakuwa na chuma. Walikuwa na keekee ya mti, ya kutobolea, yenye ncha ya jiwe gumu la gumegume, wakaizungusha kwa uta, na gumegume hupanua njia kadiri inavyozama, kwa hiyo tundu lao hutoka kama faneli. Na vifungo vyao vya nguo walivitoboa mishazari miwili inayokutana nyuma, ili uzi usionekane mbele. Mzee alipoletewa ushanga wowote, jambo la kwanza lilikuwa kuchungulia tunduni, hata kabla ya kusema habari ya asubuhi.

"Fosforasi haijitoboi yenyewe," alisema Dzidra.

"Unasema?"

"Nasema mzee kauawa."

Sasa swali la Raitis lilikuwa na jibu. Jiwe pekee ambalo Arvīds angelitia mfukoni bila wasiwasi ni lile lenye tundu, maana jiwe lenye tundu mtu alishalishika, alishalikata, alishalitoboa; halikutoka baharini jana. Na kwamba lilikuwa limelowa lisingemshangaza. Kaharabu ya kinamasi hupasuka ikikaushwa haraka, kwa hiyo wataalamu huifunga kwenye kuvumwani mbichi, ile mimea laini ya kinamasini, mpaka ifike karakana. Mtu alimpa mzee ushanga kama huo mkononi, na mzee akachungulia tunduni, akaona faneli, akafurahi, akautia kwenye mfuko wa shati na kuwasha joto la gari.

Mtu aliyeweza kutoboa hivyo, pwani yote ile, mbali na marehemu alikuwa mmoja.

*

Dakta Egils Strazds, msaidizi wa Profesa, aliyepata jina kwa chungu cha shanga za kale alichosema alikichimbua ziwani, alikuwa karakanani nyuma ya makumbusho ya kijiji. Alikuwa bado amevaa koti zito jeusi la mazishini. Jiko la karakana halikuwashwa, na pumzi za watu zilionekana. Ng'ambo ya misonobari, moshi ulitoka kwenye bomba la ukumbi wa kanisa, ambako waombolezaji walikuwa wameanza kuingia kula.

"Huendi kula na wenzako?" aliuliza Dzidra.

"Chakula hakipiti, Mkaguzi. Yule alikuwa baba yangu." Egils alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho mekundu ya kulia. Alimtazama Normunds. "Umefanyaje?"

"Nimeanguka," alisema Normunds, pua imejaa pamba.

"Nilitaka unifundishe kitu," alisema Dzidra. "Mzee alikuwa ananionyesha, akafa kabla sijaelewa. Ile keekee yenu. Mnaitumiaje?"

Egils alishukuru kupata la kufanya, ilionekana. Keekee zilining'inia ukutani, kila moja kijiti kilichonyooka chenye ncha ya gumegume iliyofungwa kwa kano ya ng'ombe. Alishusha yake yenye herufi za jina lake, akazungusha kamba ya uta kwenye kijiti, akabana kipande cha kaharabu, akaanza kusukuma na kuvuta.

Ncha ilicheza. Alisimama, akaikaza kwa vidole, akaanza tena. Ikacheza tena.

"Imelegea," alisema Dzidra.

"Kano zinachakaa."

Dzidra alishusha ya Profesa na kuijaribu kwa kidole gumba. Ilikuwa imekaza kama mfupa, na vumbi la kaharabu lilikuwa limeganda kwenye mafundo. Alirudi kwenye ya Egils. Kano yake ilikuwa laini, imevimba, haina hata chembe ya vumbi.

"Mzee aliniambia nyie hutoboa pakavu," alisema. "Aliniambia na sababu. Kano ikilowa inalegea, na ncha inacheza, na tundu linaharibika. Aliniambia kwa ukali, maana nilitaka kumwagia maji ili vumbi lisiniingie puani."

"Niliisafisha."

"Kwa kuiloweka? Dakta mzima?" Alimsogelea. "Kuna kitu kimoja tu hapa pwani ambacho mtu lazima akitoboe ndani ya maji, la sivyo kitamtoboa yeye. Zile shanga zako za ziwani zilizokupa jina, zile za kwenye chungu, mzee alichungulia matundu yake, sivyo? Akaona nini? Mrija?"

Egils aliichomoa ile keekee na kumchoma nayo.

Alilenga shingo. Dzidra aliinua mkono, ncha ya gumegume ikamwingia chini ya kiwiko, ikavunjikia humo. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Egils alinyakua patasi mezani na kumrukia; Normunds alimdaka kiunoni, wakaangukia rafu pamoja, mawe yakamwagika sakafuni. Egils alimpiga kijana pale pale penye pua. Normunds akaona giza. Ndipo Dzidra, mkono wa kushoto ukichuruzika, alipomshika Egils nywele za kisogoni akamshindilia uso mezani. Mara ya kwanza alinguruma. Mara ya pili jino liliruka. Ya tatu haikuwa ya lazima, lakini Dzidra alimkumbuka mzee kwenye mchanga, akaitoa.

"Alinipa nafasi!" Egils alilia, damu ikibubujika. "Aliniambia niseme mwenyewe kuwa shanga ni za bandia, mwisho Jumatatu, la sivyo atasema yeye. Ananipa nafasi! Kana kwamba ni zawadi! Angenipiga tu, angenifukuza tu!"

"Alikuhurumia, mbwa wewe."

"Huruma yake ilikuwa inaniua."

Dzidra alicheka bila furaha. Shanga zote zilizompa huyu bwana sifa alizitoboa kwa chuma, kwa uvivu. Ushanga mmoja tu alioutoboa kwa mkono, kwa jasho, kama walivyotoboa watu wa kale, ni ule wa kumuulia mwalimu wake.

Normunds alimfunga pingu mgongoni na kumpapasa juu juu, akitafuta silaha nyingine. "Suruali hamna kitu. Koti... leso tu, imelowa machozi. Mnafiki mkubwa." Akatema damu. "Nimpeleke kwenye gari, afande? Naganda hapa."

"Mpeleke."

Yeye alibaki anafunga mkono kwa skafu. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia ndoo kwenye kona, na ndani ya ndoo, chini ya maji, kigogo cha mti. Alijua kazi yake. Ushanga ni mdogo, unateleza. Kabla ya kuutoboa huchongewa kitako chake, kishimo cha kukalia, kwenye kigogo, ukae humo bila kucheza, na kila ushanga una kitako chake kwa umbo lake. Alikitoa. Mti wake ulikuwa mpya. Kuzunguka kitako mti ulikuwa umeungua, mweusi.

Vitako vilikuwa viwili. Vyote viwili vimeungua.

Alitoka mbio, magoti mabovu au la. Normunds alikuwa tayari amemwingiza Egils kiti cha nyuma, amekaa naye, injini inanguruma na joto limefunguliwa mpaka mwisho.

"Wa pili uko wapi?" Dzidra alimshika Egils kidevu. "Ulitoboa shanga mbili. Wa pili umempa nani?"

Egils alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Halafu akageuza uso kuelekea ule moshi wa ukumbini, na tabasamu likamjia kwenye mdomo uliopasuka.

"Mzee alikuwa hamfichi mkewe kitu," alisema. "Pale ukumbini huwa wanakoka jiko kweli kweli. Mama Ausma anapenda kukaa karibu nalo."

"Mungu wangu," alisema Normunds.

"Kaa naye! Usimwache!"

*

Njia ya kupita kwenye misonobari haikuwa ndefu, lakini theluji ilifika vifundoni na Dzidra alianguka mara mbili, ya pili juu ya mkono ulioumia. Alipiga kelele jina la Ausma na upepo ukalichukua. Alimjua yule mama. Alikuwa amekunywa chai kwake, amekula mkate mweusi na samaki wa moshi, amesikiliza wazee wawili wakigombana kwa mapenzi juu ya nani kaacha mawe kwenye sinki. Asingevumilia kumwona naye akifukiwa mchangani. Alikimbia akiahidi mambo kwa Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye siku nyingi.

Alisukuma mlango wa ukumbi. Joto lilimpiga usoni. Watu waliovaa nyeusi mezani, sahani za njegere za kijivu na nyama ya nguruwe, mishumaa. Na kule mwisho, kando kabisa ya jiko jekundu, Ausma, mjane wa Profesa, mdogo, amenyooka, amevaa koti lake jeusi, anapakua.

"Vua koti!" Dzidra aliwaparamia watu, akapindua kiti, akamfikia, akalishika koti kwa mkono mmoja mzima. Vifungo viliruka. "Vua, Mama! Mfukoni, alichokupa Egils, usikiguse!"

Alilitupa sakafuni, akalikanyaga, akageuza mfuko mmoja, mwingine, wa ndani. Kulikuwa na miwani. Kulikuwa na pipi za mnanaa.

Ausma alishika mwiko vilevile.

"Mwanangu, unavuja damu kwenye sakafu ya mchungaji," alisema.

"Egils alikupa ushanga!"

"Alinipa. Leo asubuhi, nyumbani, kabla hatujatoka. Kaufunga kwenye kuvumwani na kitambaa, vizuri tu. Akalia. Akaniambia ni wa mwisho walioupata pamoja, na kwamba niutie mfukoni, upande wa moyo." Aliendelea kupakua. "Mfukoni, Dzidra. Arvīds kafa na jiwe mfukoni, hata hajazikwa, na mtu anakuja kumwambia mkewe atie jiwe mfukoni. Mtu aliyekula mezani kwangu. Nilimtazama nikamwambia asante, mwanangu. Alipotoka sebuleni nikalifungua lile fundo chini ya bomba. Lilinuka kiberiti."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungekuja na maswali, na yeye angekuja na majibu. Ni msomi."

Dzidra alihema. Yu hai, yu mzima, anapakua njegere. Mengine yangefuata. Ushahidi ungefuata.

"Sawa, Mama. Sawa. Umefanya vizuri. Umeutia chupani, eeh? Uko wapi?"

Ausma aliweka mwiko kwenye sahani, taratibu, usidondoshe mafuta.

"Nimemrudishia mwenyewe, ndani ya kitambaa chake kibichi," alisema. "Pale kaburini alikuja kunikumbatia mbele ya watu wote, analia. Na mimi nikamkumbatia. Koti lake lina mifuko mikubwa."

Leso tu, imelowa machozi.

Dzidra alikuwa bado hajageuka pale honi ya gari ilipoanza kulia ng'ambo ya misonobari. Haikulia kwa vipindi. Ililia moja kwa moja, kama ya gari ambalo mtu ameangukia usukani kutoka kiti cha nyuma, na chini yake kulikuwa na sauti ya mtu, au ya watu wawili. Kwa umbali ule hakuweza kujua. Kwenye dirisha, juu ya miti, uliinuka moshi mweupe, mnene.

"Normunds," alisema. "Kijana wangu yumo humo, Mama. Yumo humo naye!"

Kwa mara ya kwanza uso wa mjane ulipasuka. Alitazama dirisha, akamtazama Dzidra, mdomo wazi, kisha akawageukia watu wake kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mzee hata kidogo:

"Mmekaa nini? Kaburi bado bichi! Chukueni mchanga wa Arvīds, chukueni wote!"